Sangara, Dagaa na Furu: Hesabu za Ziwa Moja

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 68,800, lakini maji yake si ya kina kirefu: wastani wa meta 40, na hata pale penye kina kuliko kote ni kama meta 80 tu. Humo wanaishi samaki wanaolana. Sangara anamla furu, anamla dagaa, anakula uduvi, na akikosa hao anakula watoto wa sangara wenzake. Nchi kavu nako kuna watu wanaogombea samaki haohao. Kiwanda cha minofu kinamtaka sangara mkubwa. Mama anayeanika mwaloni anamtaka dagaa, na mfuga kuku wa Dar es Salaam au Nairobi anamtaka dagaa huyohuyo amsage awe chakula cha kuku. Samaki anayetolewa majini kwa faida ya mmoja amepungua kwenye fungu la mwingine, awe huyo mwingine ni mtu au ni samaki. Tanzania, yenye takriban nusu ya ziwa, Uganda yenye asilimia 43 na Kenya yenye asilimia 6 zimekuwa zikiitafuta hesabu ya kugawana mavuno hayo kwa miaka mingi, na bado haijatulia.

Elimu ya zamani ya uvuvi ilimtazama samaki mmoja mmoja, kama mfugaji anayehesabu mbuzi bila kuuliza majani yanatoka wapi. Msingi wake ni rahisi kueleweka. Samaki wakiwa wachache mno, wazazi ni wachache na ongezeko ni dogo. Wakijaa mno, chakula hakiwatoshi na ongezeko linakuwa dogo vilevile. Katikati kuna kiwango ambapo wanaongezeka kwa kasi kuliko wakati wowote, na mvuvi akichukua lile ongezeko tu bila kugusa mtaji, atavua samaki wengi mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1954 Milner Schaefer aliiweka fikra hii katika hesabu ambazo idara za uvuvi duniani zilizitumia kwa miongo mingi. Mwaka huohuo mwanauchumi wa Kanada, Scott Gordon, alionyesha upande wa pili. Pale ambapo kila mtu yuko huru kuingiza mtumbwi majini, watu wataendelea kuingia mpaka gharama ya kwenda ziwani ilingane na pato la kurudi. Faida yote inayeyuka, na mara nyingi samaki nao wanakuwa wamekwisha kupungua kupita kile kiwango cha katikati.

Kwa samaki mmoja, basi, mhifadhi na mwanauchumi hawana ugomvi mkubwa. Wote wawili wanataka mitumbwi ipungue: huyu apate samaki wengi majini, yule apate faida kubwa kwa kila safari. Ugomvi unaanza akiingia samaki wa pili, na hasa ikiwa wa pili ndiye chakula cha wa kwanza. Mwaka 1979 Robert May na wenzake waliliandika jambo hili kwa mfano wa nyangumi na vijidudu mfano wa kamba wanaoliwa na nyangumi katika bahari ya kusini. Ukitaka nyangumi warudi kwa wingi, lazima uwaachie hao vijidudu. Ukitaka kuvua vijidudu kwa wingi, nyangumi watabaki wachache. Mavuno ya juu kabisa ya wote wawili kwa wakati mmoja hayapo. Anayepanga uvuvi wa namna hii analazimika kuchagua, na asipochagua kwa kujua, sheria zake zitamchagulia.

Katika Ziwa Victoria uchaguzi ulianza zamani. Utafiti mkubwa wa kwanza wa uvuvi ulifanywa na Michael Graham mwaka 1927 na 1928. Wakati huo samaki wa thamani alikuwa ngege, mmoja wa jamii ya sato wa asili, na nyavu za kutega zilizoletwa na wageni mwanzoni mwa karne zilikuwa zimeanza kumpunguza. Graham alipendekeza nyavu zisiwe na macho chini ya inchi 5, na kanuni hiyo ikawekwa. Lilikuwa shauri la busara kwa ngege, lakini ziwa lilikuwa na samaki wengine wasiofika unene wa kunaswa na jicho la inchi 5. Kanuni ilipoondolewa, Tanganyika na Uganda katikati ya miaka ya 1950 na Kenya mwaka 1961, macho ya nyavu yalipungua haraka. Nyavu za nailoni, imara kuliko zile za pamba, zilikuwa zimeingia wakati huohuo. Ningu, aliyekuwa akipanda mito kwenda kutaga, alikuwa amekwisha kupigwa pigo kubwa na nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito.

Waliobaki kwa wingi walikuwa furu. Hawa ni samaki wadogo, wengi wao hawafiki urefu wa kiganja, wenye miba mingi na rangi za kila namna. Ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500, karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani, na kwa uzito zilikuwa zaidi ya asilimia 80 ya samaki wote waliokokotwa na meli za utafiti chini ya maji. Kila aina ilikuwa na kazi yake: wapo waliokula mwani, waliovunja konokono, waliokula mabuu ya wadudu kwenye tope, waliokula magamba ya samaki wenzao. Kwa mtu wa biolojia hii ilikuwa hazina. Kwa ofisa wa uvuvi wa wakati wa ukoloni ilikuwa samaki takataka: mamia ya maelfu ya tani za mifupa isiyo na bei.

Hapo ndipo hoja ya sangara ilipozaliwa, na inafaa kuitazama kwa makini, kwa sababu ilikuwa hoja ya kiuchumi kuhusu samaki wanaolana. Waliotaka aletwe walisema: mwekeni ziwani mlaji mkubwa, awale furu wasio na thamani, awageuze kuwa nyama yenye thamani. Wapinzani, miongoni mwao Geoffrey Fryer aliyeandika onyo lake mwaka 1960, walijibu kwamba mlaji hageuzi bure. Kanuni ya jumla ya ikolojia ni kuwa katika kila ngazi ya kula na kuliwa ni kama sehemu moja tu kati ya kumi inayobaki kuwa mwili wa mlaji, na nyingine inaishia kwenye kuogelea, kupumua na kinyesi. Kilo kumi za furu zingetoa kama kilo moja ya sangara. Onyo halikusubiriwa. Sangara alikuwa amekwisha kuingizwa kimyakimya upande wa Uganda tangu katikati ya miaka ya 1950, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaingizwa rasmi, akitolewa maziwa ya Albert na Turkana.

Kwa karibu miaka 20 hakuonekana sana. Kisha upande wa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970, na katika Ghuba ya Mwanza katikati ya miaka ya 1980, alilipuka. Kwa nini alikawia ni swali ambalo watafiti wamelijadili sana, na moja ya majibu linahusu moja kwa moja somo hili. Furu walipokuwa wengi walikuwa wakila mayai na vifaranga wa sangara, au kuwanyang'anya chakula, na hivyo kumzuia mlaji wao asikue. Katika miaka ya 1970 furu wa Ghuba ya Mwanza walikokotwa kwa wingi na meli ili kulisha kiwanda cha chakula cha mifugo. Ikiwa maelezo hayo ni sahihi, uvuvi wa furu ndio uliomfungulia sangara mlango. Kuliwa kwenyewe hakukuwa kwa upande mmoja: mkubwa alimla mdogo, na mdogo alimla mkubwa angali kifaranga.

Kilichofuata kinajulikana. Furu wa maji ya wazi karibu watoweke. Inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 zilipotea. Kulikuwa na sababu nyingine zilizosaidiana na sangara: mbolea na udongo kutoka mashambani, maji machafu ya miji, mwani uliositawi na kupunguza mwanga, na hewa ya oksijeni iliyopungua chini ya maji. Baadaye likaja gugumaji. Hata hivyo kwa mizani ya fedha ziwa lilionekana limepona. Mavuno ya nchi zote 3 pamoja, yaliyokuwa takriban tani 100,000 kwa mwaka kabla ya mlipuko, yalipanda mara kadhaa. Viwanda vya minofu vikafunguliwa Kisumu, kisha Uganda, kisha Mwanza, Musoma na Bukoba. Minofu ikaruka kwenda Ulaya. Sangara, ambaye mwanzoni watu walimkataa kwa mafuta yake mengi na ukubwa wake usioingia chunguni, akawa dhahabu. Mwaloni walibaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyovuliwa minofu, yanayokaangwa na kuuzwa kwa watu wa kipato cha chini.

Ukimuuliza mwanauchumi wa miaka ya 1990 kama kumleta sangara kulikuwa kosa, angeweza kukuonyesha fedha za kigeni, ajira za viwandani, barabara na barafu. Ukimuuliza mwanabiolojia, angekuonyesha orodha ya furu wasioonekana tena. Wote wawili wangekuwa wanasema kweli, na hakuna kipimo kimoja kinachoweza kujumlisha tani za minofu na aina za samaki zilizopotea. Hesabu ya fedha ina kasoro moja zaidi isiyotajwa mara nyingi: ilihesabu sangara aliyeuzwa, haikumhesabu furu aliyekuwa akikaushwa na kuliwa kijijini bila kupita kwenye mizani yoyote.

Ziwa la baada ya mlipuko lilikuwa na aina chache za viumbe katika mnyororo wake wa kula na kuliwa, kama ukoo uliopoteza wajomba na mashangazi. Sangara mdogo alikula uduvi waliojaa baada ya furu kuondoka. Sangara mkubwa alikula dagaa na watoto wa sangara. Dagaa naye, ambaye Kenya anaitwa omena na Uganda mukene, aliongezeka kupita alivyokuwa zamani. Sababu ni tabia yake. Dagaa ni samaki wa sentimeta chache, anazaa mapema, haishi zaidi ya mwaka mmoja au miwili, na kizazi kinapishana na kingine haraka kiasi kwamba hata akiliwa na kuvuliwa sana anaweza kujaza pengo. Leo zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wanaovuliwa ziwani ni dagaa, kati ya jumla inayokaribia tani milioni moja kwa mwaka. Thamani kubwa ya mauzo ya nje inatoka kwa sangara. Uzito na chakula cha nyumbani vinatoka kwa dagaa.

Uvuvi wa dagaa ni wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wanalala, wanashona nyavu, wanacheza bao. Mwezi ukizama wanaingia. Taa zinaelea juu ya maji, zamani karabai za mafuta ya taa na sasa taa za betri na sola, na kutoka nchi kavu ziwa linaonekana kama mji uliojengwa usiku. Wadudu wanaifuata taa, dagaa wanawafuata wadudu, na wavu wenye macho ya milimita chache unawazunguka. Alfajiri mitumbwi inagonga mchanga. Wanawake wanangoja wakiwa na ndoo na beseni, bei inapatanwa kwa ndoo, na kabla jua halijapanda juu ufuko mzima umegeuka kuwa zulia la fedha: dagaa waliotandazwa juu ya mchanga, wakipinduliwa kwa ufagio. Mvua ikinyesha saa hiyo, mtaji wa siku umekwenda. Dagaa walioloa wanaoza, au wanauzwa kwa bei ya kutupa kwa wasagaji wa chakula cha kuku.

Katika wavu huo wa macho madogo hawaingii dagaa peke yao. Wanaingia sangara wa kidole na furu waliorudi. Kwa mvuvi wa dagaa ni nyongeza tu kwenye ndoo. Kwa kiwanda cha minofu ni sangara wa kesho wanaokaangwa leo. Malalamiko ya upande mmoja kwamba nyavu za dagaa zinammaliza sangara ni ya kweli kwa kiasi, hasa nyavu hizo zikivutwa karibu na ufuko ambako watoto wa sangara hukulia. Lakini ni nadra kusikia malalamiko ya upande wa pili yakisemwa kwa sauti ileile: kwamba sangara anakula dagaa na furu kwa wingi unaoweza kupita kile kinachovuliwa na mitumbwi yote. Sangara hana leseni, hana mwalo, hajazwi kwenye fomu ya takwimu. Ni mvuvi mkubwa ambaye mavuno yake hayajumlishwi.

Kanuni za usimamizi zilimtazama yeye kwanza. Nchi 3 ziliunda Taasisi ya Uvuvi ya Ziwa Victoria kwa mkataba wa mwaka 1994, yenye makao makuu Jinja. Kanuni maarufu zilizokubaliana ilikuwa ya ukubwa wa sangara: asivuliwe wala kuchakatwa aliye chini ya sentimeta 50 wala aliye juu ya sentimeta 85. Kikomo cha chini kilimpa mtoto nafasi ya kukua. Kikomo cha juu kiliwalinda majike wakubwa, maana sangara akiwa mkubwa hutaga mayai mamilioni, na jike mmoja wa meta moja na nusu anashinda kundi la wadogo. Kwa sangara peke yake kanuni hiyo ilikuwa nzuri.

Soko liliipindua kutoka pande mbili. Kwa chini, sangara mchanga anayekataliwa kiwandani anatiwa chumvi na kukaushwa, anaitwa kayabo, na ana wanunuzi wa kutosha mpaka Kongo. Kwa juu, bondo, yaani kile kifuko cha hewa tumboni mwa sangara, lilipata soko Uchina kwa bei inayoshinda mbali ile ya nyama. Sangara mkubwa ana bondo kubwa. Yule jike aliyekusudiwa kulindwa na kikomo cha sentimeta 85 ndiye anayelipa zaidi akipasuliwa. Sheria ilimwambia mvuvi amrudishe majini, na mfuko wake ukamwambia vingine.

Idadi ya wavuvi nayo iliongezeka kama Scott Gordon alivyoeleza. Sensa za uvuvi zinazofanywa na nchi hizo 3 zilihesabu wavuvi wapatao 129,000 mwaka 2000. Kufikia katikati ya miaka ya 2010 walikuwa wamepita 200,000. Sangara katika vipimo vya vyombo vya mwangwi, vinavyopeleka sauti majini na kusoma inavyorudi, alipungua kutoka mwishoni mwa miaka ya 1990. Alipopungua, furu wakaanza kurudi. Baadhi walirudi na miili iliyobadilika: furu mmoja aliyekuwa akila vijidudu vidogo vya maji ya wazi alionekana tena akiwa na mashavu ya kupumulia mapana zaidi, yanayomfaa kwenye maji yenye oksijeni kidogo, na akila windo kubwa kuliko la zamani. Sangara naye, furu walipoongezeka, akawarudia kuwala na kuacha uduvi. Kwa maneno mengine, uvuvi wa kupindukia wa sangara, ambao ni hasara kwa kiwanda, ulikuwa nafuu kwa furu. Mhifadhi wa viumbe anayetaka furu na mchumi anayetaka sangara hawawezi wote kufurahi kwa kipimo kilekile cha mwangwi.

Serikali zilipoamua kutumia nguvu, mzani uliegemea upande mmoja. Uganda ilipeleka jeshi ziwani mwaka 2017, na mitumbwi iliyo chini ya futi 28 ikawa miongoni mwa vyombo vilivyoharibiwa. Tanzania ilifanya operesheni kubwa mwanzoni mwa mwaka 2018, na nyavu nyingi haramu zilichomwa, hasa makokoro. Makokoro yanastahili kuondoka. Yanakokota kila kitu kwenye maji ya mazalia. Lakini mtumbwi mdogo ni chombo cha mtu asiye na mtaji, na huyo huvua dagaa, kambare na sato wa jirani zaidi kuliko sangara wa maji makuu. Kanuni iliyowekwa kwa ajili ya samaki mmoja iliwapata watu wa samaki mwingine. Na sangara akiongezeka kama ilivyokusudiwa, ndivyo atakavyohitaji dagaa zaidi wa kula.

Wataalamu wenyewe hawajakubaliana dawa iwe ipi. Kundi moja linasema tatizo ni wavuvi wengi na nyavu haramu, kwa hiyo sheria ya macho ya nyavu na ukubwa wa samaki isimamiwe kwa nguvu. Kundi jingine, ambalo Jeppe Kolding ni mmoja wa wasemaji wake, linasema hatari kubwa zaidi ni uchafuzi unaorutubisha maji kupita kiasi, na kwamba kuwalazimisha wavuvi wote wafuate samaki wakubwa tu ni kuvua kwa kupinda. Kwa maoni yao ni afadhali kila aina na kila ukubwa uvuliwe kidogo kulingana na kasi yake ya kuzaliana: dagaa anayezaa haraka avuliwe kwa wingi, sangara mzee anayezaa polepole avuliwe kwa uchache, na sura ya jumla ya ziwa ibaki ilivyo. Walitaja Ziwa Kariba, ambako upande wa Zambia wavuvi walitumia nyavu za macho madogo kinyume cha sheria na bado wakavuna zaidi kwa hekta kuliko upande wa Zimbabwe uliodhibitiwa. Hoja hiyo ina mvuto, lakini ina udhaifu wake: inahitaji mtu wa kumwambia mwenye mtumbwi aache sangara wa thamani ili uwiano usivunjike, na mtu huyo mialoni hayupo.

Mahali ambapo hesabu ya mlaji na mliwaji imeingizwa katika sheria kwa namba ni mbali sana na ikweta. Katika Bahari ya Barents, kaskazini mwa Norwei na Urusi, kuna samaki mdogo anayeitwa capelin, ambaye ni chakula kikuu cha chewa wa huko. Katikati ya miaka ya 1980 capelin walianguka. Chewa wakakonda na kuanza kulana, ndege wa baharini wakafa kwa maelfu, na mwaka 1987 sili wenye njaa walifurika pwani ya Norwei na kunasa kwenye nyavu za wavuvi. Baada ya hapo nchi hizo mbili zilikubaliana kanuni inayoanza na tumbo la chewa: kwanza inakadiriwa kiasi cha capelin ambacho chewa watakula, kisha inatakiwa kuwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba tani 200,000 zitabaki kutaga, na kinachozidi ndicho kinachogawiwa wavuvi. Mwaka ambao hakuna kinachozidi, uvuvi wa capelin unafungwa. Na hufungwa kweli.

Kuihamishia Ziwa Victoria kanuni hiyo jinsi ilivyo haiwezekani. Barents ina meli zinazohesabika, bandari chache na mgawo wa tani kwa kila nchi. Victoria ina mitumbwi makumi ya maelfu na mialo isiyo na mizani, na usimamizi wake unapita kwenye leseni, aina za nyavu na vikundi vya wavuvi vya ulinzi wa rasilimali. Linaloweza kuhamishwa ni mpangilio wa maswali. Barents wanaanza na mliwaji. Huku tumezoea kuanza na mlaji kwa kuwa ndiye mwenye bei, na dagaa akaachwa ajitunze. Kwa maoni ya makala hii huo ni utaratibu uliopinduliwa. Samaki anayelisha watu wengi zaidi, anayewalisha sangara wa kiwanda na kuku wa mjini, na sasa pia sato wanaofugwa kwenye vizimba ziwani kwa chakula chenye dagaa ndani yake, ndiye anayepaswa kupimwa kwanza. Afungiwe nyavu karibu na ufuko wakati na mahali pa kukulia samaki wachanga, na hesabu ya sangara iwekwe baada ya yake.

Ziwa Tanganyika linakabili jambo linalofanana, ingawa walaji na waliwaji wake ni wa asili na wamezoeana kwa miaka mingi mno. Migebuka wanakula dagaa, wote wawili wanavuliwa kwa taa na nchi 4, na wakipungua wanapungua pamoja. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Ubora wa hatua hiyo ni kwamba haikuchagua samaki: mlaji na mliwaji walipumzika kwa wakati mmoja. Gharama yake ilikuwa miezi mitatu ya majiko ya Kigoma kukosa kitoweo cha bei nafuu, na gharama hiyo haikubebwa sawa na mwenye boti na kibarua wake.

Penye malengo mawili yanayovutana, mara nyingi watu husahau kutazama pale yasipovutana. Ziwa Victoria lina sehemu moja kama hiyo, na haiko majini. Sehemu kubwa ya dagaa hupotea baada ya kuvuliwa: wanaoza kwa mvua, wanachanganyika na mchanga, wanakanyagwa, wanashuka daraja kutoka chakula cha binadamu hadi chakula cha kuku. Kilichopotea hapo kilikwisha kutolewa kwenye mdomo wa sangara na wa furu, na hakikumfikia mtu yeyote. Dawa yake inajulikana mialoni kote: chanja, yaani meza ya miti na wavu wa zamani inayoinuliwa kutoka ardhini, hewa ikapita juu na chini, na turubai likiwa tayari pembeni kwa siku ya mvua. Dagaa wa chanja hana mchanga, anakauka upesi kuliko wa chini, na sokoni bei yake ni kubwa kuliko ya yule aliyeanikwa ufukoni.